Mshahara wa Labda

Viorica amepiga simu tena kutoka Buzău.
Basi la Alhamisi, au la Jumapili?
Dirisha la tiketi linafungwa saa kumi na mbili jioni.
Nimemwambia nipe mpaka saa kumi na moja,
nikatoka kwenda shambani na viatu vya jikoni.

Nusu ekari ya udongo mwekundu, kimya.
Hapa na pale ncha nyeupe inachungulia
kama jino la kwanza la mtoto.
Mstari wa kwanza nimehesabu kumi na saba.
Wa tisa, tatu.
Mstari wa ukutani, unaowahi jua, sikuuhesabu:
niliogopa kujidanganya.

Primitivo ameegemea trekta lake upande wa pili wa ua.
"Zafarani haina kalenda, Casilda. Ngoja kwanza."
Ni rahisi kwake. Yeye hulima ngano,
na ngano humngoja mtu.
Ua langu hufunuka alfajiri,
na jua likifika utosini limekuwa tambara.

Mwaka juzi niliwaita mapema.
Wanawake wanne, siku sita, mezani kwangu,
wakila dengu, wakifuma soksi,
wakinitazama kwa ile haya
ya mtu anayelipwa kwa kukaa.
Nililipa. Pete za bibi zikaenda mjini
na hazikurudi.

Mwaka jana nikajitia ujanja, nikangoja.
Jumanne moja shamba zima likaamka kwa pamoja,
zambarau kutoka ukutani hadi barabarani,
na mimi na mama na makapu mawili.
Mama, miaka themanini na mmoja,
aliinama mpaka saa nne, kisha akaketi juu ya jiwe,
akasema, "Ni nzuri mno, binti yangu. Kalete kamera."
Sikuleta kamera.
Theluthi mbili ya mwaka wangu ilinyauka
huku mama akiisifu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo isemwavyo.
Mimi daftari ninalo.
Yangu hupotea na habari zake zote:
tarehe, kiasi, upande uliovuma upepo.

Nimelifungua juu ya ukuta.
Maua mia na hamsini kwa gramu moja.
Nauli za watu wanne. Magodoro. Gesi ya kupikia.
Redio inasema usiku wa Ijumaa baridi itashuka,
nyuzi nne, labda tatu, labda na mvua.
Labda.
Nimeliandika neno hilo kwenye safu ya matumizi,
kwa mzaha tu,
kisha nikalitazama lilivyokaa pale
kati ya nauli na magodoro,
kana kwamba mahali pake ni hapo tangu zamani.

Kwani nimewahi kulikwepa?
Nikiwaita mapema, nalilipa kwa yuro.
Nikichelewa, nalilipa kwa maua.
Tofauti ni kwamba maua hayana watoto Buzău.

Saa kumi na moja kasoro dakika tatu nimepiga.
"Alhamisi," nikasema. "Wote wanne."
Akanyamaza. Nikasikia mlango wa jokofu lake ukifungwa.
"Na siku za kungoja?"
"Nusu mshahara."
"Casilda. Tukija kungoja, tumekuja."
"Robo tatu, basi."
"Robo tatu, na safari hii si dengu kila siku."

Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu.
Kisha nimeshusha mablanketi kutoka juu ya kabati,
nikayakung'uta uani, vumbi likaruka kwa Primitivo,
naye akainua kofia bila kuuliza kitu.

Mama anataka kujua kama maua yametoka.
Nimemwambia bado.
Nimeloweka njegere.
Mkono unatetemeka kidogo,
kama wa mtu aliyekwisha kutia saini
na wino haujakauka.